Bingwa wa Mbio, Jitu la Milingoti Saba na Mzee wa Shilingi Moja

Rekodi nyingi za meli za matanga tunazijua leo kwa sababu kuna watu walioogopa kupoteza fedha. Baharia akifika bandarini husimulia, na hadithi huongezwa chumvi kila inapopita mdomoni. Mwenye bima yeye huandika: jina la chombo, nahodha wake, mwaka kilipoundwa, mbao zake, misumari yake, nanga zake, na kama kina sura ya kufika kiendako. Kwa hiyo anayetaka kujua merikebu ipi ilikuwa kubwa kuliko zote, ipi kongwe na ipi iliyokimbia, hana budi kupitia kwa watu wa nyundo na daftari, yaani wakaguzi wa meli za biashara. Mimi nawapenda watu hawa. Hawakuwa na makuu, na ukizifuata karatasi zao utaona jambo ambalo washabiki wa mbio hawalitaji: majitu mengi ya baharini yalikufa mapema, na vyombo vilivyoishi miaka mingi ni vile ambavyo hakuna aliyevipigia makofi.

Kitabu kikongwe

Mwishoni mwa karne ya 17 Edward Lloyd alikuwa na mgahawa wa kahawa jijini London, kwanza Tower Street, na kuanzia 1691 Lombard Street. Wateja wake walikuwa manahodha, wenye meli, wafanyabiashara, na matajiri waliokuwa tayari kuibeba hasara ya safari kwa malipo. Humo ndimo lilimozaliwa soko la bima la Lloyd's. Mwaka 1760 wateja hao hao wakaunda chama cha kutunza orodha ya meli, na chama hicho ndicho chimbuko la Lloyd's Register. Ni mashirika mawili mbalimbali, ingawa jina ni moja na kahawa ilikuwa moja. Watu wanayachanganya mpaka leo.

Orodha kongwe kuliko zote iliyobaki ni ya 1764 hadi 1766. Walioitunga walitumia irabu tano. A ilikuwa ya chombo kizima kabisa, ikifuatwa na E, I, O, na mwisho U, ambayo mtu mwenye akili timamu hakuipakia mali yake. Vifaa, yaani kamba, nanga, milingoti na matanga, vilipewa herufi zao tatu: ya vizuri, ya vya wastani na ya vibovu. Toleo la 1775 likaweka tarakimu mahali pa herufi hizo za vifaa, na ndipo A1 ilipoonekana kwa mara ya kwanza: A ni mwili wa meli, 1 ni zana zake.

Usidhani kazi ilikuwa ya haki tangu mwanzo. Kufikia mwisho wa karne ya 18 kitabu cha watu wa bima kilikuwa kinaangalia zaidi mahali meli ilipoundwa na umri wake. Iliyoundwa kando ya mto Thames ilikaa daraja la kwanza miaka mingi kuliko dada yake aliyeundwa kaskazini, hata kama wa kaskazini alikuwa mzima na wa Thames ameanza kuoza. Wenye meli walichoka. Mwaka 1799 wakatoa kitabu chao wenyewe, na London ikawa na vitabu viwili: cha kijani cha watu wa bima na chekundu cha wenye meli. Kwa miaka 35 merikebu moja iliweza kuwa na sifa mbili, kutegemea umefungua kitabu gani. Vyote viwili vilikula hasara mpaka vikakaribia kufa, na 1834 vikaungana.

Bara Ulaya nao hawakukaa wakitazama. Bureau Veritas ilianzishwa Antwerp 1828 na baada ya miaka michache ikahamia Paris. Genoa ilipata shirika lake 1861, Wamarekani 1862, Wanorwe 1864, Wajerumani 1867. Lakini kwa wingi wa karatasi za zamani hakuna wa kushindana kirahisi na London: hifadhi ya Lloyd's Register ina nyaraka zaidi ya milioni moja, zikiwamo michoro, barua na ripoti za ukaguzi za maelfu ya vyombo ambavyo mabaki yake hayaonekani tena popote.

Nyundo, kekee na mbao mbili zilizoachwa wazi

Baada ya 1834 kanuni zilibadilika. Chombo kipya kilipaswa kukaguliwa mara tatu. Mara ya kwanza mataruma yakiwa yamesimama juu ya mkuku, kabla ya kuvishwa mbao. Mara ya pili mihimili imeshawekwa lakini sitaha haijafunikwa, na hapo kanuni ilidai kitu kidogo ambacho kinanifurahisha: angalau safu mbili za mbao za ndani ziachwe bila kupigiliwa, ili mkaguzi achungulie upande wa ndani wa mbao za nje. Fundi mjanja angeweza kuficha ubao wenye ufa au taruma lenye kuoza nyuma ya kazi safi, na walioandika kanuni walimjua fundi huyo. Mara ya tatu ni baada ya kumaliza.

Meli kuukuu ilikuwa na taabu zaidi. Mkaguzi aligonga kwa nyundo na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, uliooza hujibu kama godoro. Penye shaka alitoboa kwa kekee na kuangalia vumbi linalotoka. Aliamuru misumari ya mti ing'olewe hapa na pale, akapima unene wa minyororo ya nanga, akatazama kalafati ya maungio. Kisha akaandika ripoti kwa mkono, na London ikaamua daraja.

Daraja lilimwambia mfanyabiashara apakie nini. Meli ya A ilikabidhiwa chai, sukari, hariri, kila kitu kinachoharibiwa na tone la maji ya chumvi. Iliyopita umri wake lakini ikaonekana bado nzima iliweza kupewa A iliyochapwa kwa wino mwekundu. E ilibeba mizigo isiyojali maji, kama makaa ya mawe au magogo, kwa safari yoyote. I ilibeba mizigo ya aina hiyo kwa safari fupi tu. Kwa hiyo ukiiona meli maarufu ya chai inamaliza maisha yake kwa kubeba mbao au makaa, umeuona uzee wake. Kuanzia 1853 ikaongezwa alama ya msalaba wa Malta kwa chombo kilichoundwa chini ya macho ya mkaguzi tangu mwanzo hadi mwisho.

Rekodi iliyowauma wenye meli mfukoni ilikuwa idadi ya miaka ya daraja la kwanza. Mwaloni wa Uingereza na msaji wa Asia viliiletea meli miaka 12. Miti laini ya Kanada, misonobari na ndugu zake, kwa kawaida haikuzidi miaka 7, hata muundo uwe mzuri namna gani. Biashara ya huko ilikuwa kubwa kiasi kwamba 1852 Lloyd's Register ilipeleka mkaguzi wake akae Quebec.

Halafu zikaja meli za mchanganyiko: mataruma ya chuma, ngozi ya mbao, na nje kabisa mabamba ya shaba ya kuzuia konokono na magugu. Mwili ulikuwa na nguvu ya chuma, na tumbo safi kama la meli ya mti. Tatizo ni kwamba shaba na chuma vikikutana ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa, hivyo kila msumari ulipaswa kutengwa. Aliyesimamia kanuni za vyombo hivi ni Bernard Waymouth, mkaguzi aliyekuja kuwa katibu mkuu wa Lloyd's Register. Na huyo huyo ndiye aliyechora Thermopylae, iliyoundwa Aberdeen 1868. Bwana kanuni, mtu ambaye ungemtegemea achore sanduku zito lisilovunjika, alitoa mojawapo ya merikebu zenye mbio kuliko zote zilizowahi kuelea.

Jirani yake katika sifa, Cutty Sark, iliundwa Dumbarton 1869 kwa mkataba wa pauni 17 kwa tani, jumla pauni 16,150. Tajiri wake, John Willis, alitaka daraja la A1 kwa miaka 16. Nahodha Moodie, aliyewekwa na Willis kuangalia kazi, alikataa mbao baada ya mbao. Waundaji, Scott & Linton, walifilisika kabla ya kumaliza na kampuni ya Denny ikamalizia. Ukitaka kujua kwa nini Cutty Sark ipo Greenwich leo huku wenzake wa chai wakiwa wametoweka au wamebaki magofu, anza na zile mbao zilizokataliwa.

Mvinyo, tende na ukubwa wa meli

Kabla ya kusema ipi kubwa, tukubaliane tunapima nini. Waingereza walianza na mapipa ya mvinyo: meli ilikuwa na ukubwa wa mapipa inayoweza kuyabeba. Huko Ghuba, mabumu ya Kuwait na Basra yalihesabiwa kwa vifurushi vya tende. Ni akili ile ile, na mfanyabiashara haulizi zaidi.

Serikali ndiyo iliyoharibu mambo. Kwa muda mrefu fomula ya Kiingereza ilitumia urefu na upana, na kina kikachukuliwa tu kuwa nusu ya upana. Ushuru wa bandari ulifuata hesabu hiyo. Waundaji wakaona mwanya: fanya meli nyembamba na yenye kina kirefu, ushuru unashuka na shehena inabaki. Zikatoka meli zenye umbo la sanduku, nzito kugeuka na hatari upepo ukiongezeka. Sheria mpya ya vipimo ya 1836 ilipofungua njia, mafundi wa Alexander Hall huko Aberdeen wakachonga omo iliyolala mbele kwenye Scottish Maid ya 1839, na mwendo ukaongezeka. Mwaka 1854 ikaja hesabu ya George Moorsom, inayopima nafasi ya ndani kwa futi za ujazo, 100 kwa tani. Tani nyingi utakazozisoma hapa chini ni za hesabu hiyo. Ndiyo sababu Great Republic, iliyohesabiwa kwa njia ya zamani, hailingani moja kwa moja na majitu yaliyoifuata.

Waliokimbia

Rekodi ya siku moja ilikuwa ya Champion of the Seas, klipa (yaani merikebu ya mbio) la Donald McKay wa Boston lililomilikiwa na kampuni ya James Baines ya Liverpool. Tarehe 11 hadi 12 Desemba 1854, likielekea Australia katika pepo za kusini, lilikwenda maili 465 za baharini kutoka adhuhuri hadi adhuhuri. Hizo ni karibu kilomita 861. Na kumbuka kwamba chombo kinachokwenda mashariki hulikimbilia jua, kwa hiyo siku yake haikutimiza saa 24. Mwendo wake wa wastani ulikuwa karibu maili 20 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1984, ilipovunjwa na mashua ya mbio yenye miili miwili, isiyobeba hata gunia moja.

Flying Cloud, nayo ya McKay, ilitoka New York hadi San Francisco kwa kuzunguka Cape Horn kwa siku 89 na saa 21 mwaka 1851, kisha 1854 ikapunguza hadi siku 89 na saa 8. Nahodha alikuwa Josiah Creesy, lakini aliyepima jua na nyota na kuchagua njia alikuwa mkewe, Eleanor. Rekodi yao ilivunjwa 1989. Miaka 135 si haba kwa hesabu zilizopigwa kwa penseli na mwanamke ambaye hakuwa na cheo melini.

Klipa hizi za Marekani zilikuwa na siri moja isiyopendeza. Nyingi zilikuwa za miti laini, ziliendeshwa bila huruma, na baada ya miaka michache maungio yalilegea na mbao zikanywa maji. Katika daftari la London miaka yao ilikuwa michache. Meli za chai za Uingereza zilikuwa ndogo zaidi, lakini zilijengwa ili zidumu.

Kati ya hizo, fainali yenye kusisimua kuliko zote ni ya 1866. Meli za chai ziling'oa nanga Foochow, China, mwishoni mwa Mei. Tarehe 6 Septemba, baada ya siku 99 na robo tatu ya dunia, Taeping na Ariel ziliingia gatini London zikiachana dakika 28, na Serica ikafika siku hiyo hiyo. Wenye meli waligawana zawadi. Kilichosahauliwa na magazeti ni kwamba meli yenye injini ya mvuke, Erl King, iliyoondoka Foochow nyuma yao, ilikuwa imeshafika siku 15 kabla.

Cutty Sark na Thermopylae zilikutana ana kwa ana 1872 kutoka Shanghai. Cutty Sark ilikuwa mbele ilipopoteza msukani katika Bahari ya Hindi. Wafanyakazi walitengeneza mwingine juu ya sitaha huku chombo kikiyumba, wakaufunga, na bado wakafika siku 7 tu nyuma ya mpinzani. Mimi naihesabu hiyo kuwa rekodi kubwa kuliko ya mwendo. Lakini biashara ya chai ilikuwa tayari inawaponyoka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 17 Novemba 1869. Cutty Sark ilishushwa majini tarehe 22, siku tano baadaye.

Waliokuwa wakubwa

Klipa kubwa kuliko zote ya mti ilikuwa Great Republic ya McKay, iliyoshushwa Oktoba 1853, tani 4,555. Kabla haijafanya safari hata moja, moto ulizuka New York mwezi Desemba mwaka huo huo na kuiteketeza hadi karibu na maji. Iliundwa upya ikiwa ndogo zaidi, ikafanya kazi kwa heshima, na 1872 ikatelekezwa karibu na Bermuda ikivuja.

Ukubwa wa mti una mpaka wake, na mpaka huo ulionekana wazi kwa Wyoming. Skuna hii ya milingoti sita iliundwa Bath, jimbo la Maine, 1909, na kampuni ya Percy & Small, ikawa na tani 3,730. Kutoka ncha hadi ncha, pamoja na miti inayotokeza omoni na tezini, ilikuwa na urefu wa futi 450. Hakuna fundi aliyewahi kupata mti mrefu kiasi hicho. Mkuku na mbao ndefu ni vipande vilivyounganishwa, na kila kiungo husogea. Waundaji waliifunga kwa mikanda ya chuma iliyopita mshazari, lakini mwili ulipopanda wimbi ulijikunja, na ulipoteremka ukajikunjua, kalafati ikatoka, maji yakaingia. Pampu za mvuke zilifanya kazi karibu muda wote. Machi 1924, ikiwa na shehena ya makaa ya mawe, ilizama kwenye dhoruba karibu na Cape Cod, na hakuna aliyenusurika.

Chuma kiliondoa mpaka huo na kuleta mwingine. Thomas W. Lawson, iliyoshushwa Quincy, Massachusetts, Julai 1902, ndiyo skuna pekee ya milingoti saba iliyowahi kuundwa: tani 5,218, mwili wa feleji, na mashine ya mvuke ya kuvuta kamba, hivyo watu 18 tu waliitosha. Hesabu ya mshahara ilikuwa tamu. Baharini ilikuwa nzito, ngumu kugeuka kwenye upepo hafifu, na kina chake kilifanya bandari nyingi zisiipokee ikiwa imejaa. Ilianza na makaa, ikageuzwa kubeba mafuta. Desemba 1907 ilivuka Atlantiki na mapipa kama 58,000 ya mafuta ya taa, ikatia nanga ndani ya miamba ya visiwa vya Scilly, kusini magharibi mwa Uingereza. Usiku minyororo ilikatika. Waliosalimika walikuwa wawili, na mafuta yakaenea ufukweni miongo mingi kabla dunia haijajifunza kuogopa meli za mafuta.

Kwa meli yenye matanga ya mraba kwenye milingoti yote mitano, ilikuwapo moja tu katika enzi ya biashara: Preussen ya F. Laeisz wa Hamburg, 1902, tani 5,081. Kampuni hii ilizipa meli zake majina yanayoanza na P na kuzituma Chile kuchukua nitrati. Preussen ilikimbia, iligeuka vizuri, haikuwa na kasoro ya kuandikwa. Novemba 1910 meli ya abiria ya mvuke, Brighton, ilikata mbele yake katika mlango wa bahari wa Uingereza, ikaivunja omo, na upepo ukaitupa Preussen kwenye miamba ya Dover. Mahakama iliona kosa ni la Brighton. Chombo cha pili cha umbo hilo, Royal Clipper, kilikuja 2000, nacho kinabeba watalii.

Aliyebeba taji la ukubwa katika matanga yote ni France II, barki ya milingoti mitano iliyoshushwa Bordeaux 1911, tani 5,633, urefu wa karibu mita 146. Julai 1922 ilipanda mwamba Kaledonia Mpya kwa sababu ya kukosa upepo. Ingeweza kuvutwa. Lakini bei ya usafirishaji ilikuwa imeporomoka, na wenyewe waliona gharama ya kuivuta ni kubwa kuliko faida ya kuwa nayo. Wakaiacha. Mabaki yake yalikuja kulipuliwa na ndege za Marekani mwaka 1944 katika mazoezi ya kulenga.

Waliobaki

Sasa tazama wanaoishi. Star of India ilizaliwa 1863 Ramsey, Isle of Man, ya chuma, ikiitwa Euterpe. Mwanzo wake ulikuwa mbaya: safari ya kwanza iligongana na kukatokea uasi, ya pili ikakatwa milingoti na dhoruba katika Ghuba ya Bengal, nahodha wake wa kwanza akafia baharini. Haikuwa na mbio za kusifiwa. Ilizunguka dunia mara 21 ikipeleka wahamiaji New Zealand, kisha ikabeba wavuvi wa samoni wa Alaska. Iko San Diego, bado inatoka baharini kwa matanga yake, na hakuna meli ya umri huo inayofanya hivyo mara kwa mara.

Edwin Fox iliundwa kwa msaji 1853 karibu na Calcutta. Ilibeba askari wa vita vya Krimea, wafungwa wa Australia, wahamiaji wa New Zealand, ikageuzwa kuwa ghala la kugandishia nyama, na mwisho bohari la makaa ya mawe huko Picton. Mwaka 1965 wapenzi wake waliinunua kwa shilingi moja. Mwili wake upo Picton hadi leo ndani ya kizimba kikavu, na msaji wake bado ni mti.

Sifa za msaji wa Bombay Unguja ilizijua vizuri. Mtawala wake, Seyyid Said bin Sultan, aliagiza merikebu zake huko. Mojawapo, Sultana, iliyoundwa 1833, ilipakia karafuu, pembe za ndovu, kahawa, tende na ngozi, na tarehe 30 Aprili 1840 ikatia nanga New York ikiongozwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Wanamaji wa Marekani waliipeleka kwenye kiwanda chao cha Brooklyn wakaikarabati bila malipo, na mwezi Agosti ikarudi nyumbani. Hakuna merikebu ya Kiarabu iliyotangulia kufika bandari hiyo.

Wa mwisho kazini

Mtu wa mwisho kumiliki kundi kubwa la meli za matanga za baharini alikuwa Gustaf Erikson wa Mariehamn, visiwa vya Åland. Alizinunua kwa bei ya chuma chakavu miaka ambayo kila mtu alikuwa anaziuza, akazituma Australia kuchukua ngano. Na alizisafirisha bila bima ya chombo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ada za bima za kundi zima zilizidi bei ya meli anayoweza kuipoteza. Herzogin Cecilie ilipogonga miamba ya Devon 1936, hasara ilikuwa yake. Biashara iliyozaliwa pamoja na bima ikaishia mikononi mwa mtu aliyeikataa.

Safari ya haraka kuliko zote katika mbio hizo za ngano ni ya Parma, 1933, siku 83 kutoka Australia hadi Falmouth. Pamir ndiyo iliyozunguka Cape Horn ikiwa na shehena kwa mara ya mwisho, 1949. Wajerumani waliichukua ikawa chuo cha mabaharia, na tarehe 21 Septemba 1957 kimbunga kiliikuta katika Atlantiki ikiwa na shayiri iliyomwagwa ndani bila magunia. Shayiri ilihamia upande mmoja. Kati ya watu 86 walipona 6.

Mmoja wa wenye hisa za Parma alikuwa Alan Villiers, Mwaustralia aliyeandika sana kuhusu matanga. Meli za Ulaya zilipokuwa zinakwisha, alikwenda Aden, na msimu wa 1938 hadi 1939 akapanda bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, likashuka na kaskazi hadi Unguja na kuingia delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko. Chombo hicho hakikuwa na daraja la shirika lolote, injini wala redio. Nejdi alijua ubao wake upi unavuja, na mabaharia waliziba wenyewe chombo kikikaa mchangani maji yakitoka. Boriti zilishushwa Ghuba kuezekea nyumba, na kwa kuwa hakukuwa na mti mwingine wa kutosha huko, vyumba vya Kuwait ya zamani vilipata upana ule ambao boriti ya Rufiji iliweza kuufika.